Tupeane uzoefu: masomo ya kidato cha sita kwenye fomu za masters na udaktari nje ya nchi

Mwana Mikindani (mwanzisha mada): Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, vijana wetu wanajaza fomu za nje na wanakwama palepale: PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au HGL (historia, jiografia, Kiingereza) ya kidato cha sita inaandikwa wapi? Anayejua aeleze kwa kina, tuwaokoe.

Korosho Ghafi: Kanuni ni moja: somo linaandikwa chini ya chuo kilichotoa kredit, yaani uzito wa somo unaohesabiwa kwenye digrii. Fizikia ya shule kama Ndanda au Mtwara Girls imetolewa cheti na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, haina kredit ya chuo, kwa hiyo haiingii kwenye orodha ya kozi za chuo kikuu hata kama ulipata A. Inakaa kwenye sehemu ya elimu ya sekondari, kama fomu inayo. Kama haina, iache. Ukiichomeka kwenye kozi za chuo, mhakiki ataitafuta kwenye transkripti na hataiona.

Nachingwea Mjini: Aliyesoma digrii Marekani na akaingia na mitihani ya AP (mitihani ya kiwango cha chuo inayofanywa ukiwa sekondari), hali ni nyingine. Kwenye AMCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vya udaktari wa tiba Marekani, unaiandika AP ikiwa tu chuo chako kiliipa kredit: chini ya chuo hicho, muhula kilipoitoa, saa za kredit zilezile za kwenye transkripti, bila grade. Ile alama ya 1 hadi 5 ya mtihani si grade ya chuo. Chuo kikikupandisha darasa tu bila kukupa kredit, hakuna saa za kuandika.

Kozi ya chuo iliyosomwa ukiwa bado sekondari inafuata njia yake. Inakwenda chini ya chuo kilichoifundisha, pamoja na grade yake, na transkripti rasmi iagizwe kutoka chuo hicho, hata kama ilikuwa kozi moja. LSAC, wanaoshughulikia maombi ya vyuo vya sheria Marekani, nao wanataka hivyohivyo. Hapa ndipo maombi mengi yanapolala, kwa sababu mtu anadhani kile chuo kidogo cha zamani hakina maana tena.

Kilwa Masoko: Naongeza kuhusu GPA, yaani wastani wa alama, maana inaumiza watu wazuri. Waliomaliza kidato cha sita 2015 cheti chao kina GPA ya NECTA. Hiyo si GPA ya digrii, usiiweke kwenye kisanduku cha chuo. Na GPA ya vyuo vyetu ni ya 5.0: ukiwa na 3.8, andika 3.8 na kipimo 5.0. Fomu ikikubali 4.0 tu, soma maelekezo yao au waandikie barua pepe. Usipige hesabu yako mwenyewe, 3.8 ikisomwa kama ya 4.0 umejipa sifa isiyo yako, na transkripti itakuumbua.

Mwana Mikindani: Ahsante sana, mkuu. Na majina?

Korosho Ghafi: Weka vyeti vyote mezani pamoja na pasipoti, soma herufi kwa herufi. Cheti cha nne kinaweza kuwa na herufi moja tu katikati, cha sita jina zima, pasipoti ikawa na "Saidi" badala ya "Saidy". Tofauti kama hiyo nenda kwa wakili au mahakamani ukaape kiapo mapema, ukiskani pamoja na vyeti. Namba ya mtihani nayo inakiliwe kamili: namba ya kituo, ya mtahiniwa, kisha mwaka.