Mjadala: Sampuli za utafiti zitoke kwa kila anayeomba, au tuzifungie?

Fundi wa maabara, Kisumu

Swali hili nimeletewa na mbu.

Katika chumba ninachofanyia kazi kuna kizimba cha neti, ukubwa wa katoni ya soda, kimeandikwa "Kisumu" kwa kalamu ya wino mzito. Ndani mna mbu aina ya Anopheles gambiae ambao mababu zao walikamatwa pande hizi miongo mingi iliyopita, kabla mbu wa huku hawajazoea dawa. Hawa wakigusa dawa wanakufa, na thamani yao ndiyo hiyo. Chandarua chenye dawa kikiletwa kupimwa, nawavuta watano kwa mrija, nawaweka chini ya kikoni cha plastiki dakika 3, kisha nawatoa. Baada ya saa 1 nahesabu walioanguka, baada ya saa 24 nahesabu waliokufa. Mbu hawa wasipokufa, mwenye kasoro ni chandarua. Uzao wao unafugwa katika maabara za Ulaya, Marekani na kwingineko Afrika, kwa jina lilelile la Kisumu. Kama wangefungiwa hapa, kila nchi ingekuwa na kipimo chake na tusingeelewana.

Kwa hiyo nauliza: mbegu, bakteria, mbu, plazmidi (vipande vidogo vya DNA vya mviringo vinavyotumika maabara), je, apewe mtafiti yeyote anayeomba, na awe huru kumgawia mwenzake? Mimi nasema ndiyo. Mkataba uliozoeleka wa kupeana sampuli, wa mtindo wa Marekani wa 1995, unakupa sampuli ila unakukataza kumpa mtu wa tatu au kuitumia kibiashara. Mwaka 2018 ukatoka mwingine, OpenMTA, unaoruhusu yote mawili, na mtoaji anaweza kudai atajwe. Huo ndio ninaoutaka.

Mkazi wa Nakuru, mzaliwa wa Baringo

Ndugu yangu, umesema ndiyo upesi mno. Panda matatu ya Marigat, ushike njia ya Loboi, ufike Ziwa Bogoria. Maji yanachemka kutoka ardhini. Tukiwa watoto tulichemshia mayai pale. Mwaka 1992 watafiti walichota bakteria kwenye ziwa hilo, na vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, vikaishia kupausha suruali za jinzi na kuingia kwenye sabuni ya unga huko ng'ambo. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likalalamika hadharani kwamba halikutoa ruhusa kwa biashara hiyo. Na Waendorois, wenye ardhi, walikuwa wameshafukuzwa hapo tangu miaka ya 1970. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliowaunga mkono ulitangazwa 2010.

Sasa unataka sampuli ipite mkono kwa mkono? Ikifika mkono wa tano, nani atakumbuka ilikotoka?

Fundi wa maabara, Kisumu

Hilo linaniuma, na sitalizunguka. Ila tazama vizuri kilichofanyika. Hakuna aliyewauliza wenyeji, na kilichopatikana kikawa mali ya kampuni. Huo haukuwa uwazi. Tangu 2006 kanuni zetu zinadai kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na ridhaa ya wenyeji kabla ya kuchukua, na Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za viumbe, inatumika tangu 2014. Mlango huo wa kwanza ulindwe, tena kwa ukali. Ninachogombea ni safari inayofuata: sampuli ikishatoka kwa halali, mwanafunzi wa Kakamega asiambiwe aanze kupiga magoti upya.

Mkulima wa ngano, Njoro

Mimi si mwanasayansi, lakini nimelima miaka mingi jirani na kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo. Kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu, ikiingia shambani, ukipitisha kidole kwenye bua kinatoka na unga wa rangi ya matofali. Wiki mbili tatu baadaye ngano imelala. Aina ya Ug99 iligunduliwa Uganda 1998 ikatufikia. Tangu 2005 nchi nyingi zimekuwa zikituma mbegu zao hapa Njoro zipandwe katikati ya ugonjwa, ionekane ipi itasimama. Ngano ya Robin tuliyoikimbilia ilitokana na mbegu za CIMMYT, kituo cha utafiti wa mahindi na ngano, Meksiko. Miaka michache kutu ikajigeuza, Robin nayo ikashikwa. Bila mbegu za wengine ningekuwa nimeshahamia viazi. Mkifunga na wao wakafunga, mimi nitapanda nini?

Fundi wa maabara, Kisumu

Asante sana, mzee. Umenikumbusha kitu kilichopaswa kuwa kwenye maneno yangu ya kwanza. Ngano inalindwa na mkataba wa kimataifa wa mbegu, unaotumika tangu 2004. Karatasi ni moja kwa wote. Ukitengeneza aina mpya na kuiacha wazi kwa watafiti na wazalishaji wengine, hulazimiki kulipa. Ukiifunga, unalipa sehemu ya mauzo kwenye mfuko wa pamoja. Kwa nini bakteria wa Bogoria wasiwe na sharti kama hilo? Anayefungia wenzake alipe, na alipe kwa wenye ziwa.

Mwanafunzi wa uzamili, Maseno

Mnazungumzia karatasi, mimi nazungumzia stima. Niliomba plazmidi nje ya nchi. Bei yenyewe haikunitisha, usafiri na vibali ndivyo vilivyokula pesa yangu. Zikafika. Ijumaa jioni stima ikapotea, jenereta ilikuwa haina dizeli, Jumatatu nikakuta barafu ya friji imekuwa maji na sampuli zimeharibika. Niliporudi kuomba tena nikaona aibu. Kama maabara ya jirani ingekuwa na nakala, na mkataba unaruhusu, ningeenda kuichukua kwa bodaboda.

Fundi wa maabara, Kisumu

Dada, hiyo bodaboda imesema kuliko mimi. Sampuli ikiwa mahali pamoja, inakufa na friji moja. Maabara tatu nne za ukanda huu zikiwekeana nakala, kila kichupa na lebo ya mahali kilipochotwa, dizeli ya Ijumaa moja haitaua utafiti wa mtu.

Mkazi wa Nakuru, mzaliwa wa Baringo

Kwenye lebo hapo nakuunga mkono, na kwenye malipo pia. Ruhusa ya kugawa ovyo bado sijaikubali. Mbu wako wamezunguka dunia nzima wakiitwa Kisumu. Bakteria wetu wameingia kwenye sabuni, na kwenye pakiti hakuna mahali palipoandikwa Bogoria.

Fundi wa maabara, Kisumu

Basi tuanze na hilo. Niandikie sharti la jina unavyolitaka wewe, neno kwa neno. Nitaliweka kwenye rasimu juu ya lile la kugawa.