Mjadala: Chini ya mnazi tupande nini, na nani ana haki ya kukipanda?

Mleta mada

Asalaam aleikum. Unguja na Pemba tunaambiwa mambo mawili kuhusu minazi. Wa kwanza husema ng'oa kila kilicho chini, mnazi ubaki peke yake upate nguvu. Wa pili husema shamba la eka tatu, kama zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, halilishi familia kwa nazi tupu, basi chomeka muhogo. Shauri la kwanza nalipinga. La pili nalikubali nusu.

Vidaka, yaani nazi changa, vinapukutika kwa sababu nyingi, lakini mharibifu mkubwa ni kunguni wa minazi, ambaye kitaalamu huitwa *Pseudotheraptus wayi*. Hudunga kidaka kikiwa laini, na mate yake yana sumu. Kidaka hutoa utomvu mzito kisha huanguka. Kikinusurika hukua na makovu. Wakiwa wachache tu juu ya mnazi, hasara inaonekana. Jina hilo limetokana na M. J. Way, mtafiti aliyefanya kazi hapa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1953 alichapisha utafiti wake kuhusu chungu wa minazini na kunguni huyo: majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, wakitawala mti, kunguni hapati nafasi. Tatizo ni kwamba majimoto wana adui, chungu wadogo wenye vichwa vikubwa wanaoishi ardhini (*Pheidole megacephala*). Hao huwafukuza majimoto, na mnazi wenyewe hawaulindi.

Hapo ndipo kilimo cha mchanganyiko kinapoingia. Majimoto hushona viota kwa majani mabichi, wakitumia hariri inayotoka kwa watoto wao. Jani la mnazi ni jembamba na gumu. Mchungwa na mkarafuu huwapa makazi bora zaidi, na matawi yakigusana na makuti wanapanda wenyewe. Ardhi iliyopaliliwa hadi ikawa nyeupe huwafaa wale chungu wa ardhini. Penye majani na magugu ya kiasi, wengi wao hutafuta chakula huko huko chini, na majimoto wanabaki juu. Kwa hiyo muhogo unaopaliliwa safi mwaka mzima ni mchanganyiko kwa jina tu. Mdudu haoni tofauti.

Mkwezi, Kusini Unguja

Ndugu yangu, wewe unaandika, mimi ndiye ninayepanda. Majimoto wakikuvaa uko katikati ya mti huna mkono wa kujikunia. Nalipwa kwa mti, na mti wenye viota nauruka au naongeza bei, hata nikijipaka jivu. Wachumaji wa karafuu watakwambia hivyo hivyo. Mkitaka hawa chungu wabaki, ujira wa mkwezi nao uzungumzwe. Mwenye shamba asipate nazi zaidi kwa ngozi yangu.

Mkulima, Wete

Mleta mada amesema mchungwa na mkarafuu, sawa. Lakini watu watasikia "panda miti" wakapanda chochote. Kunguni huyo huyo hula korosho, embe na mapera. Ukizungusha mikorosho isiyo na majimoto, umemwekea kunguni ghala. Tena msisahau chonga, yule mbawakawa anayeharibu minazi: huyo, majimoto hamzuii. Anazaliana kwenye magogo ya minazi iliyokufa na kwenye samadi. Wanaopanda migomba chini ya minazi humwaga samadi rundo moja, wanaiacha miezi, halafu wanashangaa makuti machanga yamekatwa. Samadi itandazwe mapema, magogo yachomwe au yapasuliwe yakauke.

Mleta mada

Nakubali kuhusu korosho na samadi, na kuhusu ujira pia: mti wenye majimoto ulipiwe zaidi, hiyo ni gharama ya ulinzi kama dawa ilivyo gharama. Lakini dawa hupuliziwa juu kwa shida, na inamuua majimoto pamoja na kunguni.

Ninayelima konde la watu, Kaskazini Unguja

Mnazungumza kana kwamba kila mtu ana ruhusa ya kupanda mchungwa. Hapa kwetu mti una mwenyewe, na ardhi ina mwenyewe. Mimi nimeazimwa konde chini ya minazi ya mtu. Naruhusiwa muhogo, kunde na viazi vitamu. Nikichomeka mche wa kudumu, mwenye konde ataona nataka kumnyang'anya, maana aliyepanda mti ana dai. Ndiyo maana chini ya minazi kumejaa muhogo, wala si ujinga wetu.

Mleta mada

Hilo sikuliweka kwenye mada na ndilo zito kuliko yote. Kwa hiyo napendekeza hivi: mwenye konde anunue miche ya michungwa na iandikwe mbele ya sheha, kiongozi wa shehia, kuwa miti ni yake. Mlimaji aitunze, apate sehemu ya machungwa wanayokubaliana, na apalilie kwa kufyeka badala ya kukwangua. Mabwana shamba wa shehia wawe na karatasi hiyo tayari. Wenye makonde mnaosoma hapa, mngetia saini? Kama hapana, ni kifungu gani kinachowatisha?

Mwenye konde, Chake Chake

Ningetia, kwa sharti moja: sehemu ya machungwa ikome siku mlimaji anapoondoka, na warithi wake wasirudi kudai miti.