Helmeti kwa wanyonga baiskeli: walazimishwe au waachwe?

Mnyonga wa Sofia:
Wakubwa na wadogo, habari za jioni. Leo steji yetu hapa mtaa wa Sofia, Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, imechemka. Kaja mkubwa mmoja wa mambo ya barabara, katukusanya chini ya mwembe, akasema sisi wa baiskeli tujiandae, iko siku tutalazimishwa helmeti kama wenzetu wa pikipiki. Yako na ya abiria. Akatutolea mfano wa yale mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025: "Mlimwona hata mmoja kichwa wazi?" Kweli sikumwona. Hata Pogačar aliyeshinda alikuwa nayo. Lakini Pogačar hajawahi kupakia mama, mtoto na debe la mahindi kwenye keria moja, halafu akalipwa elfu. Nauliza, ni haki? Changieni bila matusi.

Fundi Cheni:
Bila matusi umeomba kwa watu wa mpakani, pole sana.

Huyo mkubwa angewaambia pia kwamba hao wa Kigali wazee wao walikataa kuvaa. Mwaka 1991 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kiliwalazimisha. Waendeshaji wakagoma kwenye mbio za Paris–Nice kule Ufaransa, na chama kikanywea. Zamani walikuwa wanavaa vile vipande vya ngozi vilivyojazwa pamba, vimefungwa kama kikapu cha kubebea kuku. Upepo unapita, na lami nayo inapita. Mpaka yule Mwitaliano Casartelli alipokufa kwenye Tour de France ya 1995, akishuka mlima bila kitu kichwani. Hapo ndipo sheria ikaja.

Muuguzi wa Zamu:
Fundi, sheria haikuja hapo. Baada ya Casartelli watu walilia, wakaweka maua, wakaendelea kichwa wazi miaka minane. Iliyoleta sheria ni ajali ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan, Machi 2003, kwenye hiyohiyo Paris–Nice waliyogomea. Mei mwaka huo ikawa lazima. Na hata hapo waliachiwa kaupenyo: kama mbio zinaishia mlimani, kwenye mpando wa mwisho ruhusa kuivua. Baadaye nako kakazibwa.

Kwa hiyo Mnyonga, jibu langu ni ndiyo, mlazimishwe. Mwanaume hajilazimishi mwenyewe.

Mzee wa Malaba:
"Mwanaume hajilazimishi mwenyewe." Haya, tumeanza.

Binti yangu, mimi nimenyonga kabla wewe hujazaliwa. Nilivusha watu na mizigo hapa Malaba, mpaka mwingine wa Kenya na Uganda, kutoka geti hadi geti, na kichwa changu hiki hapa kizima. Msituletee habari za Wazungu waliovaa vikapu. Boda boda ilianza Malaba bila helmeti, ikasomesha watoto bila helmeti. Nyie wa Busia mliiga tu.

Mnyonga wa Sofia:
Mzee, shikamoo, lakini hapo kwenye kuiga umeteleza. Boda boda ni ya Busia. Mtoto yeyote wa hapa anajua: ukishuka kwenye basi upande wa Kenya unakuta wanyonga wanapiga kelele "boda! boda!", maana kutoka geti mpaka geti ni mbali na jua kali. Jina likatokea hapo.

Mzee wa Malaba:
Marahaba. Na Malaba hapakuwa na mageti? Au kulikuwa na pazia?

Kijana wa Masese:
Mimi niko Jinja, nakula njugu nasoma tu. Endeleeni wazee.

Mwalimu Okello:
Wote wawili mna hoja. Kazi ilianza mpakani miaka ya sitini, kwa baiskeli, pikipiki zikaja baadaye sana. Mipaka ilikuwa yote miwili. Vitabu vingi huitaja Busia kwanza.

Mzee wa Malaba:
Vitabu vimeandikwa na nani, mwalimu? Na mtu aliyelala hoteli ya Busia.

Mama Salooni:
Mnapigania jina, na mageti yenyewe ya Busia tangu 2018 ni kituo cha pamoja, mtu anasimama mara moja tu, anahudumiwa na nchi zote mbili, anapita. Turudini kwenye kichwa. Mimi ndiye nasuka hivyo vichwa. Mteja kakaa kwenye kiti changu saa sita, kalipa, anatoka mlangoni anapewa helmeti iliyovaliwa na watu thelathini tangu asubuhi. Ndani imelowa. Inanuka jasho, mafuta ya nywele na kitu kama samaki. Nimeziona kwa macho yangu, sponji imekuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Kisha mnashangaa abiria anaishika mkononi safari nzima kama kikapu cha sokoni.

Muuguzi wa Zamu:
Dada, nywele zinasukwa upya.

Mama Salooni:
Na pesa ya kusukia upya unatoa wewe? Nyie watu wa hospitali mna dharau sana. Mtu akisema jambo linalomgusa mnamjibu kama amekuja na kikohozi.

Muuguzi wa Zamu:
Samahani, sikukusudia hivyo. Nimetoka zamu ya usiku. Jana nimemshikia mgonjwa kichwa tukimshona, kijana wa pikipiki. Helmeti alikuwa nayo, ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Mama yake kaja nayo mkononi, nzima, haina hata mkwaruzo, ananiuliza aiweke wapi. Ndiyo maana nimejibu vile.

Mama Salooni:
Pole nnyabo. Yameisha.

Mwalimu Okello:
Hebu niwape historia kidogo, maana watu wanadhani jambo hili lilibuniwa na trafiki ili wale hela. Kuna Mwingereza, Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni. Hakufa vitani. Alikufa Mei 1935 kwao Uingereza, siku chache baada ya kuanguka na pikipiki yake. Na alianguka kwa sababu gani? Alikuwa anawakwepa vijana wawili wa baiskeli.

Mzee wa Malaba:
Kwa hiyo na hilo ni kosa letu wa baiskeli.

Mwalimu Okello:
Subiri mzee. Kati ya madaktari waliomhudumia alikuwemo mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Hakuweza kumwokoa. Jambo lile likamkaa rohoni. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, taa zikazimwa barabarani kwa kuogopa ndege, akaanza kuhesabu. Katika miezi 21 ya mwanzo, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa kwenye ajali za barabarani Uingereza. Akatafuta waliokuwa wamevaa helmeti kati ya majeruhi aliowapata, wakawa saba tu, na wote saba walipona. Aliandika hayo 1941, na mwaka huohuo jeshi likawaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae. Raia je? Walisubiri mpaka 1973.

Kijana wa Masese:
Saba tu? Mwalimu, hiyo hesabu ya watu saba hata kwenye dau la mpira siiwekei elfu.

Mwalimu Okello:
Ndiyo, walikuwa wachache, na ndiyo sababu aliendelea kuhesabu miaka yote ya vita. Mwenzetu alianza na saba. Sisi tunaanza na "kichwa changu hiki hapa kizima".

Mzee wa Malaba:
Hiyo imenilenga mimi. Nimeiona. Mwalimu, ukipita Malaba usinisalimie.

Dereva wa Garuga:
Mimi ni wa mbio za pikipiki, na gari nimewahi kukaa kiti cha msoma ramani. Huku kwetu hakuna mjadala, bila helmeti huvuki hata meza ya kujiandikisha. Na si jambo la juzi. Mbio za pikipiki za kisiwa cha Man zililazimisha mwaka 1914, helmeti za turubai lililogandishwa kwa vanishi. Daktari wa uwanja wa Brooklands, Gardner, ndiye aliyechoka kuokota watu waliopasuka vichwa. Mwaka 1914! Wa baiskeli wanakuja kukubali 2003. Miaka 89 ya ubishi.

Ila Mnyonga usidanganywe kwamba ukivaa umepona. Senna, yule dereva wa Formula 1, alivaa akafa. Earnhardt wa mbio za magari za Marekani alivaa, Daytona 2001, akafa kwa kuvunjika chini ya fuvu, kichwa kilirushwa mbele mwili umefungwa mkanda. Ile kola ya kushikilia shingo ilikuwepo tayari, lakini ni baada ya hapo ndipo ikawa lazima kwenye mbio zao. Helmeti ina kazi yake moja, ukiipa kazi mbili inakuangusha.

Mnyonga wa Sofia:
Sasa hapo ndipo ninapotaka. Kazi yenyewe ni ipi? Maana trela likinikanyaga hapa barabara ya Tororo, helmeti itafanya nini? Itawasaidia kujua kichwa kilikuwa wapi.

Fundi Cheni:
Trela halina dawa. Helmeti ya baiskeli hupimwa kwa kuangushwa kutoka mita moja na nusu hivi, ikigonga chuma kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Hicho ndicho kipimo cha Ulaya. Kilomita 20 ndiyo nini? Ndiyo wewe, umepakia, cheni imekatika kwenye mteremko, umeanguka kiubavu. Hiyo inakuhusu kila wiki. Trela linakuhusu mara moja.

Sasa sikilizeni. Wiki jana nilichukua msumeno wa chuma nikapasua helmeti mbili katikati kama papai. Ya kwanza ni mtumba. Nje ganda jembamba, ndani ile kitu nyeupe inayokuja kwenye boksi la televisheni, unene wa vidole viwili. Ukiibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Ya pili ni mpya, ile inayopangwa kando ya barabara. Plastiki ngumu kama beseni, ndani sponji ya godoro imegundishwa kwa gundi ya viatu, na mkanda wa kidevuni nikauvuta kwa mkono mmoja ukang'oka na rivati yake. Sponji ukiibonyeza inarudi.

Vijana karakana wakasema nzuri ni hiyo inayorudi. Hapana. Ile nyeupe inakufa badala yako, inapondeka taratibu ili ubongo usisimame ghafla. Ndiyo maana ikishagonga mara moja unaitupa. Sponji inajikunja mpaka mwisho, kisha unagonga beseni. Kampuni ya Bell iliweka hiyo nyeupe kwenye kofia ya baiskeli 1975. Hapa kwetu tunauziwa za kabla ya 1975 kwa bei ya leo.

Kijana wa Masese:
Kwa hiyo yenye kufaa ni mtumba na mpya ni takataka. Uganda bwana.

Muuguzi wa Zamu:
Fundi, na mtumba nao utajuaje haukugonga huko ulikotoka?

Fundi Cheni:
Hujui. Unaangalia nyufa, unabonyeza ndani, unamwomba Mungu.

Mama Salooni:
Basi tukilazimishwa tutalazimishwa kununua beseni.

Kijana wa Masese:
Na Uholanzi je? Nchi nzima iko juu ya baiskeli, bibi, waziri, mtoto wa shule, wote kichwa wazi. Hawafi kama sisi.

Dereva wa Garuga:
Uholanzi baiskeli ina barabara yake. Wewe barabara yako ni ule ukingo wa lami uliomong'onyoka, kushoto mtaro, kulia basi la Nairobi.

Mnyonga wa Sofia:
Kwa hiyo kumbe swali si helmeti, ni barabara. Watuchimbie njia yetu kuanzia Sofia mpaka mjini, mimi nitavaa hata sufuria.

Muuguzi wa Zamu:
Umeshabadilisha swali ndugu yangu. Uliuliza kama ni haki kulazimishwa.

Mnyonga wa Sofia:
Nimebadilisha kwa sababu nimejibiwa. Kwa beseni la gundi ya viatu, si haki. Kwa ile nyeupe, tuongee bei. Na wale wenzetu wenye ulemavu wa baiskeli za miguu mitatu, wanaovusha mizigo hapa kila siku, nao watavaa? Huyo mkubwa hakuwataja kabisa.

Mwalimu Okello:
Swali zuri hilo. Waingereza walipolazimisha, miaka mitatu baadaye, 1976, waliwasamehe Masingasinga kwa ajili ya kilemba. Sheria huanza kwa "kila mtu", kisha kila mtu anahesabiwa upya.

Mama Salooni:
Basi na mimi naombea msamaha wa rasta.

Mzee wa Malaba:
Fundi, hiyo uliyoipasua, ile nyeupe, bado unayo?

Fundi Cheni:
Ninayo, mzee. Nusu mbili zipo mezani.

Mnyonga wa Sofia:
Kesho ilete steji saa moja asubuhi kabla hatujatawanyika. Vijana waibonyeze wenyewe kwa ukucha. Nitawaambia wasiondoke.

Mzee wa Malaba:
Iletwe Malaba kwanza. Kila kitu cha boda huanzia Malaba.

Mnyonga wa Sofia:
Mzee!