"Spring" ina maana ngapi jamani, na bamvua nayo imo?

Kijana wa Shela: Asalaam alaykum wadau. Mi natembeza wageni na dau hapa Shela, Lamu, kuna mmoja kanionyesha kwenye simu imeandikwa "spring tide" anataka kujua kama tutapita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, maji yakipwa. Spring mi naijua ni chemchemi, tena ile springi ya godoro, na wazungu wana majira yao ya spring baridi ikiisha. Sasa maji yanaingiaje hapo na sisi huku tuna kusi na kaskazi tu? Anayejua anieleweshe.

Nahodha Mstaafu: Waalaykum salaam mwanangu. Hiyo ndiyo bamvua, wala haihusiani na majira. Inakuja mara mbili kila mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapo jua na mwezi na dunia zimekaa mstari mmoja zinavuta maji kwa pamoja, basi yakijaa yanajaa kwelikweli na yakipwa yanapwa mpaka mashua zinalala ubavu kwenye matope. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 7, 8 hivi au 22, ni maji mafu, wao wanaita "neap". Shika tarehe ya Kiislamu utamjibu mgeni bila simu. Na Mkanda maji ya bamvua yakipwa usithubutu, utapwelewa na watu wa watu.

Ticha Malindi: Mzee kamaliza upande wa bahari, mi niongeze upande wa lugha. Kiingereza cha kale walisema "springan", kuruka au kuchomoka kwa nguvu. Ukiishika hiyo zote zinakubali: chemchemi maji yanachomoka ardhini, majira majani yanachomoka mitini, springi ukiibana ukaiachia inaruka, na bamvua maji yanapanda kwa kishindo. Kitenzi ni spring, sprang, sprung. Wewe wa baharini hii hasa uijue, "the boat has sprung a leak", yaani dau limeanza kuvuja, mgeni akikwambia hivyo chukua ndoo kwanza maswali baadaye. Na mtu akitokea ghafla wanamuuliza "where did you spring from?", sawa na sisi tunavyosema we umechomokea wapi.

Kijana wa Shela: Shukran sana nyote, sasa imekaa. Na "spring cleaning" je? Kuna mwenye nyumba kamwambia dada yangu afanye mwezi wa Disemba.

Ticha Malindi: Hiyo sasa ndiyo ya majira. Kwao baridi ikiisha wanafungua madirisha wanasafisha nyumba nzima, ila siku hizi wanasema hivyo mwezi wowote. Ni kama sisi tunavyopangua nyumba Ramadhani ikikaribia, makabati yanavutwa, mazulia yanatoka nje. Mwambie dada asifagie tu, na amuulize kabisa kama mapazia yanafuliwa na malipo yake mbali, maana hiyo si kazi ya siku moja.