Nimeiona baiskeli yangu iliyoibwa, iko mikononi mwa kijana wa Majengo. Nimkabili vipi?

Msafiri wa Tudor

Assalaam alaykum wana baiskeli. Baiskeli yangu iliibwa wiki jana chini ya ngazi za ploti, hapa Tudor, Mombasa. Ilifungwa kwa kufuli ya waya kwenye grili, na waya ulikatwa. Jana imeonekana Majengo, anaiendesha kijana mmoja, na leo asubuhi iko kwa fundi wa kando ya barabara. Ni ya gia, ya mtumba, fremu ya aluminiamu, magurudumu ya inchi 26, rangi ya buluu. Siti imebadilishwa na stika zimebanduliwa. Gurudumu la nyuma lina spoku moja nyeusi kati ya nyeupe.

Risiti sina, nililipa kwa M-Pesa. Kituoni bado sijaripoti. Vijana wa ploti wanasema twende tukamshike sasa hivi. Nataka kujua: nimkabili vipi pasi na vurugu, bila risiti nathibitisha vipi kuwa ni yangu, na polisi wakiichukua nitaipata lini?

Mzee wa Nyumba Kumi

Wa alaykum salaam, mwanangu. Kwanza waambie hao vijana wakae. Mkienda watu wanane, hata kama mna nia njema, kwa wapita njia nyinyi ni kundi linalofukuza mtu. Na kuna neno moja usilitamke hapo kwa sauti yoyote: mwizi. Likishatoka hulirudishi. Watu wasiojua baiskeli ni ya nani watakuja na mawe, na mwenye tairi kuukuu atalileta. Roho ikitoka, sheria haitafuti aliyerusha jiwe la mwisho peke yake: waliokuwa na nia moja wanaweza kushtakiwa kwa mauaji pamoja, na wewe uliyeanzisha ukelele ndiye ambaye jina lake mtaa mzima unalijua. Halafu huenda huyo kijana ameuziwa tu. Binadamu hauawi kwa ajili ya baiskeli, hata angekuwa ndiye aliyeichukua kwa mkono wake.

Utaratibu ulio salama ni huu. Nenda kituoni kwanza, uandikishe, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kituo cha Makupa ni karibu nawe. Ukiwa na namba hiyo, omba askari aandamane nawe hadi kwa fundi. Mtumie pia mzee wa mtaa wa Majengo, si wa Tudor. Mzee wa upande wenu kule ni mgeni kama wewe, hana wa kumtuliza.

Wakati askari anangojewa, mtu mmoja tu, anayejulikana na huyo fundi, ampitie amwambie kwa upole kwamba baiskeli ina mgogoro na imeripotiwa, kwa hivyo asiitoe mapema. Fundi akijua mali ni ya wizi kisha akaificha au akaiuza, naye anaingia katika kosa. Wengi hawapendi hilo, watakusaidia. Kazi ya kunyoosha gurudumu inaweza kungoja hata siku nzima.

Sasa ikitokea mmekutana naye barabarani kabla ya askari. Mchague mahali penye watu wachache na mwanga, karibu na duka lenye bawabu au kamera, si ndani ya kichochoro cha kwao wala si jioni mabaraza yakiwa yamejaa. Uwe na shahidi mmoja, akae nyuma kidogo, asizungumze. Simama upande wa baiskeli, ubavuni mwa gurudumu la nyuma, umpe nafasi ya kuondoka. Mtu aliyebanwa ukutani hupigana hata kama hakuiba. Mikono yako ionekane. Usimshike shati, na usiivute baiskeli: mkianza kuvutana usukani, aliye na kisu atakitoa, kwa kuwa mko karibu mno na mkono mmoja uko huru.

Maneno ya kwanza yahusu baiskeli, yasimhusu yeye. "Samahani kaka, hii baiskeli umeitoa wapi? Inafanana na iliyopotea Tudor, na imeandikishwa polisi." Kisha nyamaza umwache ajibu. Akisema amenunua, muulize kwa nani na lini, na umwombe mfuatane kituoni akaandikishe maneno yake. Hilo linamkinga yeye pia. Akisema ni ya rafiki, chukua jina la rafiki. Akiitupa akakimbia, mwache akimbie. Ibaki hapo, muipige picha ikiwa ilivyo, muipeleke kituoni. Akitoa kitu chochote, rudi nyuma, mwachie, piga 999 au 112.

Fundi Spoku

Hayo ya mzee yashike. Mimi nakujibu kuhusu ushahidi, maana ndipo wengi wanaposhindwa: mtu anasema "naijua baiskeli yangu", na mwenzake anasema vivyo hivyo.

Hiyo spoku nyeusi ni alama nzuri ila inathibitisha gurudumu, haithibitishi baiskeli. Gurudumu hutoka kwa dakika mbili. Vitu vinavyobadilishwa kwanza ni siti, matairi, vishikio vya usukani na pedali, kwa sababu ndivyo mwenyewe anavyoviona kwa mbali. Fremu ndiyo isiyobadilika, kwa hivyo ushahidi wako utoke kwenye fremu.

Anza na namba ya fremu. Baiskeli nyingi imegongwa chini ya ile bomba fupi inayopita ekseli ya pedali. Nyingine iko kwenye shingo ya usukani mbele, au karibu na nati ya gurudumu la nyuma. Zile Black Mamba, baiskeli nzito za chuma, mara nyingi iko juu, pale bomba la siti linapoungana na fremu. Pindua baiskeli isimame kwa siti na usukani, futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, kisha paka chaki juu na ufute kwa kidole: chaki hubaki ndani ya tarakimu. Tochi ya simu iilaze ubavuni, usiimulike kutoka juu, ndipo vivuli vitakapoonyesha namba. Piga picha mbili, moja ya karibu na moja inayoonyesha namba pamoja na baiskeli nzima. Hapa kwetu chumvi ya bahari huila sehemu hiyo, hata aluminiamu huota unga mweupe. Usikwangue kwa kisu, utafuta tarakimu mwenyewe.

Ukikuta mahali pa namba pamelainika, panang'aa na pana mikwaruzo ya tupa inayoelekea upande mmoja, hiyo yenyewe ni habari. Mwonyeshe askari.

Hukuwa umeandika namba? Kagua picha zako za zamani zote, hata za sherehe ambazo baiskeli imeingia kwa nyuma tu. Angalia makovu ya fremu: ilipogongwa, ilipochomelewa, waya wa breki uliposuguana na rangi karibu na shingo hadi ukaacha mstari. Msuguano huo kila baiskeli una wake, hutegemea urefu wa waya na namna usukani ulivyokatwa. Na stika zikibanduliwa, rangi iliyokuwa chini yake huwa mbichi kuliko iliyopigwa jua, kwa hivyo umbo la herufi linasomeka ukiinamisha fremu kwenye mwanga. Kama ni mtumba wa Japani, tafuta kivuli cha stika ndogo ya usajili wa kuzuia wizi, wenzetu wa kule huibandika kwenye fremu.

Kisha bomba la siti. Siti imebadilishwa, sivyo? Tazama kama ile nguzo mpya inakaa sawasawa. Nguzo hizi zina vipenyo vingi vinavyopishana kidogo tu, na kipimo hugongwa kwenye nguzo yenyewe, kwa mfano 27.2, yaani milimita. Aliyeweka nguzo isiyo yake huzungushia kipande cha kopo la soda ili ibane. Ukikiona hicho kipande kinachungulia pale juu, jua nguzo si ya fremu hiyo. Wewe ukiweza kutaja kipimo cha nguzo yako kabla baiskeli haijafunguliwa mbele ya askari, umeshatoa ushahidi wenye uzito.

Hiyo ndiyo kanuni ya yote: andika alama zako kwenye karatasi, tatu au nne, zikiwemo zisizoonekana kwa nje, utie sahihi na tarehe, umkabidhi askari kabla hamjafika kwa fundi. Usizitaje mbele ya kijana. Ukizitaja, naye atazitaja.

Picha peleka zile za asili kwenye simu, zilizo na tarehe na saa ndani yake. Zikishapita WhatsApp, habari hizo hufutwa.

Msafiri wa Tudor

Ahsanteni sana. Nimeandikisha Makupa, namba ya OB ninayo, na picha za zamani nimezipata. Lakini kuna jipya: amekuja mtu anasema nimpe elfu mbili, ataniletea baiskeli usiku, yaishe. Vijana wanasema pia niweke picha ya kijana Facebook na zawadi kwa atakayemleta. Nifanye lipi?

Bi Sheria

Kaka, usifanye hata moja.

Huyo dalali anashughulika na mali ya wizi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamhusu kila anayepokea, anayehifadhi au anayesaidia kuuza mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, na adhabu inaweza kufika miaka 14. Ni kubwa kuliko ya wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275, ambao ni miaka 3. Nambari yake ya simu na ujumbe wake usivifute, mpelekee mpelelezi. Miadi ya usiku usiende kamwe. Na wewe usipokee chochote kwa makubaliano ya kuinyamazia kesi: kifungu cha 118 kinalifanya hilo kosa, hata kama uliyeibiwa ni wewe.

Tangazo la zawadi lina mtego wake. Kutoa zawadi si kosa. Kosa ni kuandika kwamba anayeirudisha hataulizwa maswali, kifungu cha 120. Weka picha ya baiskeli, rangi, mtaa na namba ya OB, basi. Uso wa kijana usiuweke. Ikiwa alinunua, atakushtaki kwa kashfa, na kabla ya mahakama kuna watu wa mtaani watakaomhukumu kwa picha hiyo.

Kuhusu kumshika: Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 34, kinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa la aina hii mbele ya macho yake, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa. Wizi ni kosa kubwa kisheria. Lakini kifungu cha 35 kinakutaka umkabidhi polisi bila kuchelewa, na cha 24 kinakataza kumzuia kwa nguvu kupita kiasi cha kumfanya asitoroke. Kumfunga kamba kwenye nguzo na kumpiga makofi "aseme ukweli" kunakugeuza wewe mshtakiwa, na maneno aliyoyatoa kwa kipigo hayatakusaidia kortini. Katiba, ibara ya 49, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo uishe nje ya saa za korti, hapo ni siku ya korti inayofuata.

Muda nao ni ushahidi. Mahakama zetu hutazama mambo manne: mali ilikutwa kwake, imethibitishwa kuwa yako, iliibwa kwako, na iliibwa karibuni. Hayo yakitimia, ni juu yake kueleza aliipataje. "Karibuni" hupimwa kwa jinsi kitu kinavyohama haraka mikononi mwa watu, na baiskeli huhama upesi. Ndiyo maana ingefaa kuripoti siku ileile.

Kama kweli alinunua bila kujua, hatafungwa, ila baiskeli haiwi yake. Aliyemuuzia hakuwa na haki ya kuuza. Fedha zake atamdai huyo.

Kuipata: itashikwa kama kielelezo. Mwombe mpelelezi ipigwe picha rasmi, kisha upande wa mashtaka uombe korti ikuachie wewe huku kesi ikiendelea. Ombi liwekwe mapema, siku za mwanzo za kesi, maana likisahauliwa baiskeli itakaa uani hadi hukumu. Chukua kwako taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule ulionunua, na aliyekuuzia akubali kuandika maelezo. Hayo mawili yanaweza kushika nafasi ya risiti.

Fundi Spoku

Nyongeza moja kwa siku ya kuichukua. Kabla ya kutia sahihi, linganisha baiskeli na orodha iliyoandikwa ilipopokelewa. Kilichokosekana kiandikwe hapohapo. Tena usiipande kurudi Tudor. Magurudumu yaliyotolewa kwa haraka mara nyingi hurudishwa nati zikiwa zimekazwa kwa mkono tu. Njoo na spana ya 15, kaza nati za mbele na nyuma, halafu inua usukani na upige gurudumu la mbele kwa kiganja kwenda chini. Likicheza, halijakaa. Bana breki zote mbili huku unaisukuma mbele: waya uliofunguliwa na kufungwa tena huteleza kwenye skrubu yake mbano wa kwanza au wa pili, na mteremko wa Makupa si mahali pa kuligundua hilo.