Mrejesho: matundu ya ribiti kwenye usukani wa mkia

Wakuu, mwezi jana niliuliza kama niyaache tu matundu manne ya ribiti (pini za kuunganisha mabati) niliyotoboa karibu mno na ukingo wa ubavu mmoja (kipande cha ndani kinachoshikilia umbo) wa usukani wa mkia, kwenye ndege ndogo ya Zenith CH 750 ninayoiunda gerejini kwangu hapa Marekani. Wengi mlisema nisithubutu. Nimewasikiliza.

Mzee mmoja fundi wa ndege alikuja na rula ya chuma. Kanuni ni kwamba kutoka katikati ya tundu hadi ukingo kusipungue mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Zangu ni milimita 3.2, hivyo nilihitaji 6.4, nilikuwa na 4. Akapitisha kidole pale: bati lilishaanza kuvimba. Nikang'oa ribiti moja moja kwa drili, nikaagiza ubavu mpya, nikausugua kingo kwa tupa mpaka ukawa laini kabisa. Roho iliniuma, ila mwanangu naye atapanda ndege hii.

Picha zote nimezihifadhi pamoja na daftari la kazi, maana mkaguzi atataka kuona zaidi ya nusu ya ndege nimeiunda mwenyewe. Jumamosi naanza bawa la mkia. Asanteni sana.