Nyasi gani zitadumu katika uwanja wa mpira Malindi, kisima kikiwa cha maji ya chumvi?

Mtunza Uwanja: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Kamati ya uwanja wetu wa mtaa hapa Malindi imeniagiza niulizie nyasi za kupanda masika yakianza. Ardhi ni mchanga mtupu, maji ya kisima yana chumvi, na vijana huchezea hapo kila jioni. Muuzaji mmoja anatuhimiza tununue kikuyu, ilhali wazee wanapendelea nyasi za Pemba kwa kuwa zimestawi katika bustani nyingi za pwani. Tuchague zipi?

Fundi Bustani: Waaleikum salaam. Kikuyu ziacheni, kwani ni nyasi za nyanda za juu zenye baridi. Nyasi za Pemba huvumilia chumvi na kivuli, lakini hutambaa juu ya ardhi tu, hivyo njumu zikishazikata hakuna kilichosalia chini cha kuchipua. Ukoka una mashina yatambaayo juu na mengine yaliyofukiwa mchangani, na ndiyo sababu mbele ya goli, mahali panapochakaa kuliko pote, huota tena pakipumzishwa. Mkiwa na fedha, tafuteni Tifway 419, ukoka chotara uliotolewa mwaka 1960 huko Tifton, Georgia, nchini Marekani, ambao viwanja vingi vya mpira na vya gofu huutumia. Hauzai mbegu, kwa hiyo atakayewauzia mbegu zake msimlipe. Hupandwa kwa vipandikizi.

Mama Kitalu: Kuhusu ukoka nakubaliana na fundi, ila suala la maji amelipita haraka mno. Pelekeni maji yakapimwe kwanza. Yakiwa na chumvi ya gramu 2 hivi kwa lita, ukoka utastahimili. Yakizidi hapo kwa mbali, ningechagua paspalamu ya pwani, ambayo huota yenyewe kandokando ya bahari na siku hizi hupandwa katika viwanja vya gofu vilivyo ufuoni. Hata hiyo isinyweshwe kidogokidogo kila siku, kwa sababu maji hukauka juu na kuacha ukoko mweupe wa chumvi. Mwagilieni kwa wingi, mara chache, ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Mtunza Uwanja: Ahsanteni sana. Upande wa magharibi kuna miembe miwili mikubwa. Je, ukoka utaota chini yake?

Fundi Bustani: Hautaota vizuri, ndugu yangu, kwani hauna subira na kivuli hata kidogo. Punguzeni matawi, na pale jua lisipofika kabisa, nje ya mstari, ndipo pa kupanda nyasi za Pemba za wazee.

Mama Kitalu: Na mkishapanda, wazuieni vijana hadi vipandikizi vishikane. Hilo litawapa kazi kuliko chumvi.